Mkono Uliobaki

Kiswahili kimeupa mkono wa kulia jina la kazi yake: ni mkono wa kulia chakula. Wengine huuita mkono wa kuume, na kwa wazee wa Pwani ule wa pili ni mkono wa kike. Mtoto akinyoosha wa kushoto kupokea kipande cha muhogo, huambiwa palepale apokee vizuri. Hakuna anayemweleza sababu. Anakua akijua kwamba mkono mmoja ni wa heshima na mwingine ni wa kusaidia.

Muziki wa piano wa Ulaya ulikuwa na desturi inayokaribiana na hiyo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, mkono wa kulia ndio ulioimba. Ulishika sauti za juu na kubeba wimbo ambao msikilizaji angerudi nao nyumbani akiupigia mluzi. Wa kushoto ulikaa chini kwenye besi, ukahesabu mapigo. Ndiyo maana habari za Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna aliyepoteza mkono wa kulia vitani mwaka 1914 na bado akaendelea kupanda jukwaani kwa miongo kadhaa, husimuliwa kama muujiza.

Husimuliwa kwa ufupi. Askari kijana anakatwa mkono, anachukuliwa mateka hadi Siberia, anachora vibonyezo vya piano juu ya sanduku la mbao na kufanya mazoezi bila sauti. Anarudi nyumbani, watunzi wakubwa wanamwandikia kazi, dunia inapiga makofi. Ni hadithi nzuri na ni ya kweli. Lakini huachwa pale inapoanza kuwa ngumu, maana mtu huyu hakuwa mpole, wala mshukurivu, wala mkarimu kwa kila alichokuwa nacho. Ukipenda boga, penda na ua lake. Nami naona ua la Wittgenstein halitazamwi vya kutosha.

Alizaliwa Vienna tarehe 5 Novemba 1887, katika nyumba ya Karl Wittgenstein, tajiri wa chuma na mmoja wa watu wenye mali nyingi kuliko wote katika dola ya Austria na Hungaria. Johannes Brahms alikuwa akifika pale, vivyo hivyo Gustav Mahler na Richard Strauss. Paul akiwa bado kijana alikaa kwenye piano moja na Strauss, wakapiga pamoja. Katika nyumba nyingi mtoto aliyezungukwa na muziki kiasi hicho angesukumwa kuwa mwanamuziki. Hapa ilikuwa kinyume. Muziki ulikuwa pambo la nyumba. Kazi ya wanaume ilikuwa viwanda na benki.

Shinikizo hilo lilikuwa na gharama. Hans, kaka mkubwa, ambaye kipaji chake cha muziki kilionekana tangu utotoni, alitorokea Marekani na kutoweka huko mwanzoni mwa karne ya 20. Familia iliamini amejiua. Rudolf alikunywa sumu Berlin mwaka 1904. Kurt alijipiga risasi mwaka 1918, vita vikiwa vinamalizika. Kati ya wana watano walibaki wawili: Paul na mdogo wake Ludwig, ambaye baadaye dunia ingemjua kama mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa karne yake. Ludwig aliugawa urithi wake wote baada ya vita, hakutaka kubaki na senti. Paul alikuwa mtu wa aina nyingine. Alichokishika alikishika.

Alisoma piano kwa Theodor Leschetizky, mwalimu ambaye mikononi mwake walipita wapigaji wengi maarufu wa Ulaya, na nadharia ya muziki kwa Josef Labor, mtunzi kipofu ambaye familia ilimpenda sana. Baba yake alifariki Januari 1913. Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 26, Paul alijitokeza kwa mara ya kwanza mbele ya hadhira akiwa na okestra, katika ukumbi wa Musikverein. Miezi minane baadaye vita vilianza.

Aliondoka kama ofisa mdogo wa jeshi. Agosti 1914, karibu na Zamość, katika ardhi ambayo leo ni Poland, alikuwa katika upelelezi wa nafasi za Warusi alipopigwa risasi kwenye kiwiko cha mkono wa kulia. Alipelekwa hospitali ya jeshi, na madaktari wakaukata mkono. Hospitali ikatekwa na Warusi kabla hajapata nafuu. Kwa hiyo ndani ya siku chache alipoteza mkono na uhuru wake, kisha akaanza safari ndefu kuelekea mashariki pamoja na mateka wengine, hadi Omsk.

Huko ndiko lilikokuwa sanduku. Alichora juu yake vibonyezo kwa makaa, akaanza kupiga kwa vidole vitano, masaa kwa masaa, akisikia kichwani peke yake. Mtu anayesimuliwa habari hii hufikiri juu ya ushujaa. Mimi hufikiri juu ya hesabu. Kwa sababu tatizo lililokuwa mbele yake halikuwa la moyo tu, lilikuwa la ufundi. Piano ina vibonyezo 88, kutoka sauti nzito kama ngurumo hadi nyembamba kama kengele ndogo. Mikono miwili huvigawana. Mkono mmoja ufanyeje ili msikilizaji asijue, au ajue na bado asikose kitu?

Jibu limo katika umbo la mkono wenyewe. Ukiweka mkono wa kushoto juu ya piano, kidole gumba, ambacho ni kidole chenye nguvu kuliko vyote, hukaa upande wa juu, upande wa wimbo. Mkono wa kulia hauna bahati hiyo: wimbo wake wa juu huangukia kidole cha mwisho, kilicho dhaifu. Kwa hiyo gumba la kushoto linaweza kuimba, na vidole vingine vinne vikafanya kazi ya kusindikiza. Kisha kuna pedali. Mguu ukikanyaga pedali, sauti ya besi iliyopigwa huendelea kulia hata baada ya kidole kuondoka, na mkono unapata nafasi ya kuruka kwenda juu na kupiga kitu kingine kabla ya sauti ile kufa. Sikio linaunganisha vyote viwili na kudhani vimetokea pamoja. Ufundi wote wa Wittgenstein ulikuwa ndani ya mwanya huo mdogo, kati ya wakati kidole kinapoondoka na wakati sauti inapokufa.

Hakuwa wa kwanza kuujua. Géza Zichy, mwanafamilia wa kikabaila kutoka Hungaria, alipoteza mkono wa kulia akiwa kijana katika ajali ya uwindaji, akawa mwanafunzi na rafiki wa Franz Liszt na kutoa matamasha kwa mkono wa kushoto. Brahms alikuwa ameandika upya kazi moja ya Bach ya fidla ili ipigwe kwa mkono wa kushoto pekee. Leopold Godowsky alikuwa amechukua mazoezi ya Chopin, ambayo tayari ni magumu kwa mikono miwili, akayageuza mengi yake yawe ya mkono wa kushoto tu. Mateka wa Omsk aliyafahamu haya. Wakati huohuo, huko Vienna, mzee Labor alikwishaanza kumwandikia kazi mpya, kabla hata hajaombwa. Kipofu alimtungia mtu wa mkono mmoja. Ofisa wa ubalozi mdogo wa Denmark mjini Omsk alisaidia kupeleka habari kwa familia, na Paul akahamishiwa mahali palipokuwa na piano halisi. Mwishoni mwa mwaka 1915 alirudishwa nyumbani katika mpango wa kubadilishana mateka majeruhi. Desemba 1916 alipiga kazi ya Labor mbele ya hadhira ya Vienna.

Hapa ndipo masimulizi mengi yanapokimbia, na hapa ndipo mimi napenda kukaa.

Kwa mkono mmoja, maktaba nzima ya piano ilikuwa imefungwa kwake. Mozart, Beethoven, Schumann: hakuna aliyemwandikia. Angeweza kuzipunguza kazi za watu zienee mkononi mwake, na alifanya hivyo. Lakini mpiga piano wa matamasha huishi kwa konseto, zile kazi kubwa za piano na okestra, na konseto za mkono wa kushoto zilikuwa karibu hazipo. Wahenga wanasema mkono mtupu haulambwi. Wa Wittgenstein haukuwa mtupu: urithi wa baba yake uliokoka vita. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1922 alianza kuwaagiza watunzi kazi kama mtu anayeagiza samani: Erich Wolfgang Korngold, Franz Schmidt, Paul Hindemith, na baadaye Richard Strauss, Maurice Ravel, Sergei Prokofiev, Benjamin Britten. Aliwalipa vizuri sana. Na pamoja na kazi alinunua sharti: kwamba yeye peke yake ndiye atakayeipiga, kwa miaka iliyotajwa au maadamu yuko jukwaani.

Kisha akagombana na karibu wote.

Hindemith alimaliza konseto yake mwaka 1923. Wittgenstein hakuipenda. Aliipokea, akailipia, akaifungia. Prokofiev alimletea konseto yake ya nne mwaka 1931. Alijibu kwa barua kwamba anamshukuru lakini haelewi hata noti moja, na hataipiga. Hakuipiga. Aliamini okestra za kisasa zina kelele mno kwa mkono mmoja, akawataka watunzi wapunguze. Mara nyingine alipunguza mwenyewe.

Ugomvi wake na Ravel ndio unaojulikana zaidi. Wanaume hawa wawili walikuwa pande mbili za vita vilevile. Ravel, aliyekuwa mfupi na mwepesi mno kwa jeshi la kawaida, aliendesha lori la jeshi la Ufaransa karibu na Verdun. Mwaka 1929 alikubali kuandika. Konseto aliyoitoa ni ya sehemu moja isiyokatika, inadumu chini kidogo ya dakika 20, na inaanzia gizani: chelo na besi zinanguruma polepole, okestra inapanda taratibu, kisha inakatika na piano inaingia peke yake kwa muda mrefu. Ravel alipomwonyesha mara ya kwanza, Wittgenstein hakuvutiwa. Alilalamika kwamba kama angetaka kupiga bila okestra asingeagiza konseto. Ilimchukua miezi ya mazoezi kuona alichopewa, ndipo akaona ni kazi kubwa.

Aliipiga kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 5 Januari 1932. Ravel hakuwapo. Alipofika baadaye mjini na kuisikia nyumbani kwa Wittgenstein, okestra ikiwa imebadilishwa kwa piano ya pili, aligundua kwamba mwenyeji wake ameongeza noti hapa na kubadilisha pale. Alikasirika. Wakaandikiana. Wittgenstein alijitetea kwamba wapigaji si watumwa wa watunzi. Ravel akajibu kwamba ni watumwa hasa. Neno hilo, kwa msomaji wa Zanzibar au Bagamoyo, si la kurushiana mezani. Lakini chini ya maneno yao kulikuwa na swali la kweli. Kazi ni ya nani: ya aliyeiandika, ya aliyeilipia, au ya mwili pekee unaoweza kuitoa? Mwishowe Wittgenstein alisalimu amri, na Januari 1933 aliipiga Paris, Ravel mwenyewe akiongoza okestra. Ravel hakusahau. Kipindi cha haki za Wittgenstein kilipofika mwisho, alimchagua mpiga piano mwingine, Jacques Février, mtu wa mikono miwili, aipige Paris mwaka 1937.

Ni rahisi kumcheka Wittgenstein. Tajiri anunua kazi ya fundi, haielewi, anaikwaruza, kisha anaificha kabatini. Nami nilimcheka kwa muda, mpaka niliposoma yaliyofuata.

Machi 1938 Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria. Akina Wittgenstein walikuwa Wakristo kwa kizazi zaidi ya kimoja, lakini sheria za Wanazi hazikuuliza mtu anasali wapi, ziliuliza babu na bibi zake walizaliwa nani. Watatu kati ya wanne wa Paul walikuwa wa asili ya Kiyahudi. Ghafla askari aliyetoa mkono wake kwa nchi hakuwa raia kamili wa nchi hiyo. Akanyang'anywa nafasi ya kufundisha na ruhusa ya kupiga hadharani. Jambo jingine lilikuwa la hatari zaidi: alikuwa na watoto wawili wa kike na Hilde Schania, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, msichana mwenye uoni hafifu sana na asiye Myahudi. Kwa sheria mpya hilo lilikuwa kosa la jinai. Kabla mwaka haujaisha alitoroka kupitia Uswisi hadi Marekani. Hilde na watoto walimfuata baadaye, wakaoana.

Dada zake wawili, Hermine na Helene, walikataa kuondoka. Berlin ilikuwa tayari kuwapa hadhi ya machotara, ambayo ingewaokoa, kwa bei. Fedha za familia zilikuwa zimewekwa Uswisi, na Paul alikuwa na sauti juu yake. Majadiliano yalichukua miezi mingi. Ludwig naye alisafiri hadi Berlin na New York kusaidia. Paul alisita na kubishana, akiona kwamba wanaoombwa kulishwa ni wezi. Agosti 1939 hadhi ile ilitolewa, na kiasi cha tani 1.7 za dhahabu kikaingia katika benki kuu ya Ujerumani. Dada zake waliishi vita vyote ndani ya Vienna bila kuguswa. Lakini undugu ulikufa. Paul na Ludwig hawakuonana tena.

Nikilitazama hilo, kabati lile lililofungwa naliona kwa jicho tofauti. Mtu huyu alinyang'anywa kaka zake watatu, kisha mkono, kisha nchi, kisha nyumba ya baba yake, kisha ndugu waliobaki. Kitu pekee alichowahi kukipata kwa ajili yake, kilichotengenezwa kwa kipimo cha mwili wake jinsi ulivyo, ni zile karatasi za muziki. Siandiki haya kumtetea. Naandika kwa sababu choyo huwa na historia, na mara nyingi hatujisumbui kuiuliza.

Barua moja inaonyesha jambo hili wazi. Mjerumani Siegfried Rapp alikuwa mpiga piano aliyepoteza mkono wa kulia katika vita vya pili, kama Wittgenstein alivyopoteza wake katika vya kwanza. Aliandika kuomba kazi alizoziagiza Wittgenstein, ili naye apige. Kama kuna mtu duniani aliyepaswa kuelewa, ni yule aliyeipokea barua hiyo. Mwaka 1950 Wittgenstein alimjibu kwamba mtu hajengi nyumba ili mwingine akae ndani yake. Yeye ndiye aliyelipa, wazo lilikuwa lake, na kazi alizo na haki nazo zitabaki zake maadamu bado anapiga. Akishakufa au kuacha, wote watazipata. Hataki zioze maktabani.

Rapp hakukata tamaa. Aliitafuta konseto ya Prokofiev, ile ambayo Wittgenstein alisema haielewi, na mwaka 1956 akaipiga Berlin. Ilikuwa mara ya kwanza kusikika. Prokofiev alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, bila kuisikia hata siku moja.

Wittgenstein aliendelea kuishi New York, akifundisha, pengine bila kutoza malipo. Mwaka 1942 alipiga kazi ya Britten kwa mara ya kwanza, Philadelphia. Mwaka 1957 alitoa kitabu cha mafunzo ya mkono wa kushoto katika juzuu tatu, na hapo, kwa namna yake, aliwafungulia wengine mlango. Alifariki tarehe 3 Machi 1961.

Karatasi zake zilibaki na mjane wake. Hilde alipofariki, mwaka 2002 zilifunguliwa, na ndani yake ikaonekana konseto ya Hindemith, imekaa karibu miaka 80 bila kupigwa. Desemba 2004 okestra ya Berlin ikiongozwa na Simon Rattle iliitoa kwa mara ya kwanza. Kwenye piano alikaa Leon Fleisher wa Marekani. Yeye hakukatwa mkono. Akiwa katika kilele cha kazi yake, katika miaka ya 1960, vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe na kukataa kumtii, na kwa miongo mingi aliishi kwa kazi za mkono wa kushoto, nyingi zikiwa zimeagizwa na Wittgenstein. Ile ya Ravel aliipiga mara nyingi kuliko anavyoweza mtu kukumbuka.

Kwa hiyo nyumba ile ilijengwa, na watu wengine wakakaa ndani yake. Rapp alikaa. Fleisher alikaa. Leo kila mpiga piano anayeamka na mkono wa kulia uliovunjika, uliochoka au usiokuwepo, hukuta kuna kazi za kupiga. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Ni kweli. Wake haukulea peke yake: ulihitaji kalamu za Ravel na Britten, pesa za chuma, na pedali. Lakini wana wapo, na aliyewazaa aliwafungia mlango kwa muda mrefu kadiri alivyoweza.